Kupunguza vitu nyumbani Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wakazi wa Nyamagana, Ilemela na vitongoji vya ufukweni wanaotaka kuondoa vitu vilivyojaa stoo, chini ya kitanda na nyuma ya mlango wa jikoni. Kanuni inayotuongoza ni moja: kitu kisitoke nyumbani mpaka umjue atakayekipokea. Mji wetu umekaa kwenye miteremko. Kiroba kilichoachwa kando ya njia ya Bugarika au Mabatini hakikai pale. Mvua ya kwanza inakipeleka mtaroni, mtaro unakipeleka Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Maji ya bomba tunayokunywa yanatoka ziwa hilohilo, na moja ya sehemu yanakovutwa ni Capri Point, hapohapo mjini.

Nianzie wapi? Nyumba imejaa na sijui nishike nini kwanza.

Anza na stoo au uvungu wa kitanda, usianze na sebule. Sebuleni kila kitu kina mwenyewe na kila kitu kitaleta mjadala. Stoo ina vitu ambavyo hakuna aliyeviulizia mwaka mzima, kwa hiyo uamuzi ni mwepesi na nafasi inapatikana haraka.

Tafuta viroba vinne vya kilo 50 na ndoo moja yenye mfuniko. Viroba viandike kwa kalamu ya wino mzito: KUUZA, KUGAWA, FUNDI, TAKA. Ndoo ni ya vitu vya hatari: betri, balbu, dawa zilizokwisha muda, sindano, viwembe, makopo ya dawa ya wadudu. Ndoo iwekwe juu, watoto wasifikie. Fanya chumba kimoja kwa siku moja, na usifungue chumba cha pili kabla viroba vya kwanza havijatoka.

Kinachowakwamisha wengi ni kumwaga nyumba nzima uani kwa siku moja. Jioni inafika, nguvu zimekwisha, wingu limetanda upande wa ziwa, na vitu vinarudishwa ndani ovyo kuliko vilivyokuwa. Kiroba cha FUNDI nacho ni mtego. Kipe wiki mbili. Kitu ambacho hujakipeleka kwa fundi ndani ya muda huo hutakipeleka, kihamishie KUUZA.

Ni wakati gani mzuri wa mwaka?

Juni hadi Septemba, kabla ya mvua za vuli. Maboksi, vitabu, magodoro na nguo vinahitaji jua na njia kavu. Boksi lililolowa mnunuzi analikataa au anakata kilo, na ana haki, kwa sababu maji yana uzito na karatasi iliyoanza kuvunda haifai. Ukilazimika kufanya kazi hii Aprili au Novemba, panga vitu juu ya chaga au matofali ndani ya nyumba na viondoke siku ileile.

Karatasi zipi nisitupe?

Tenga kwanza vyeti vya kuzaliwa na vya shule, kadi za kliniki za watoto, vitambulisho, hati na mikataba ya kiwanja au nyumba, risiti za malipo ya kiwanja na kadi za vyombo vya moto. Kama una biashara, kumbukumbu zake za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5. Zilizobaki, chana sehemu yenye namba ya NIDA, namba ya akaunti au sahihi kabla ya kuziachia. Karatasi za ofisini hupenda kuishia kufungia karanga, na jina lako huzunguka nazo mjini.

Plastiki zote zinanunuliwa?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza nguvu. Mnunuzi hanunui "plastiki", ananunua aina. Geuza chombo uangalie kitakoni: kuna pembetatu ndogo yenye namba.

Namba 1 ni chupa za maji na soda, zile angavu. Hizi ndizo waokota makopo wanazozunguka nazo mitaani. Mwaga kilichobaki, suuza kidogo, toa kifuniko, kanyaga chupa ilale. Kifuniko ni plastiki ya aina nyingine, kiweke kwenye mfuko wake. Chupa ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo kilo moja inataka chupa kama 70 hadi 100. Ndiyo maana mtu mwenye mkokoteni hafurahii chupa zilizojaa hewa: anabeba mzigo mkubwa kwa macho, mdogo kwa mizani.

Namba 2 ni madumu ya mafuta ya kula, galoni na chupa za sabuni ya maji. Namba 5 ni ndoo, beseni na viti vingi vya plastiki. Wanunuzi huziita plastiki ngumu na bei yake ni tofauti na ya chupa. Usizichanganye na namba 1, maana mzigo uliochanganywa hupewa bei ya aina ya chini kabisa iliyomo.

Zisizo na soko la kuaminika ni vifuko vya chipsi na biskuti vyenye rangi ya fedha ndani, vyombo vyeupe vya povu vya kubebea chakula, na plastiki yoyote yenye mafuta mazito au mchanga. Hizo zinakwenda kwenye kiroba cha TAKA, kwa gari la taka.

Dumu lililowahi kubeba kemikali, rangi au dawa ya mifugo lisipewe mtu wa kuchotea maji hata likioshwa mara kumi. Plastiki hunyonya. Litoboe ili asitokee wa kulitamani.

Nitajuaje sijapunjwa kwenye mizani?

Nenda na kipimo chako. Chupa ya lita moja iliyojazwa maji ina uzito wa kilo moja na gramu chache za chupa yenyewe. Omba ipimwe kwanza. Pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa inafanya kazi hiyohiyo. Mizani ya biashara inatakiwa kuwa na alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo; iulizie. Halafu uliza bei kwa wanunuzi watatu kabla mzigo haujatoka nyumbani, kwa sababu ukishaulipia guta mpaka Igoma huna tena nguvu ya kusema "narudi nao".

Mwombe mnunuzi akutajie bei ya kila aina peke yake. Akisema "nakupa ya jumla", ujue shaba yako inauzwa kwa bei ya bati.

Vyuma chakavu nivitenganishe vipi?

Tumia sumaku. Kile kinachonasa ni chuma au bati, na bei yake ni ndogo. Kisichonasa chunguza rangi: cheupe na chepesi ni alumini, kama sufuria za kawaida, fremu za madirisha na makopo ya soda, chekundu ni shaba, kama nyaya na mabomba ya friji, cha njano ni brasi, kama koki za maji na kufuli za zamani. Chuma cha pua, kile cha sinki na baadhi ya vijiko, mara nyingi hakinasi na ni kizito kuliko alumini. Kiulizie peke yake.

Usichome nyaya ili upate shaba. Ganda lake linatoa moshi wenye sumu unaokaa kwenye nguo, kwenye mboga za jirani na kwenye mapafu ya watoto. Chuna kwa kisu, au uza na ganda lake kwa bei pungufu. Moshi huo ni ghali kuliko tofauti ya bei.

Mfanyabiashara wa vyuma chakavu anapaswa kuwa na kibali. Akikuuliza mzigo umetoka wapi, usikasirike. Ni dalili nzuri. Jihadhari na mtu asiyeuliza kitu, kwa sababu katika lundo lake kuna mifuniko ya mitaro na nyaya za umeme zilizoibwa, na siku ya msako hutaki jina lako liwe kwenye daftari lake.

Nguo nizipeleke wapi?

Gawa mafungu matatu. La kwanza ni nguo ambazo ungemvalisha mwanao Jumapili bila aibu: safi, zipu nzima, vifungo kamili. Hizo unaweza kumpelekea ndugu, jirani, au kuzitoa kupitia jumuiya ndogondogo, msikiti au ofisi ya mtaa. La pili ni nguo nzuri lakini zinahitaji sindano. Mpelekee fundi cherehani wa mtaani, au mpe yeye mwenyewe azirekebishe na kuuza. La tatu ni zilizochakaa. Za pamba, kata vipande vya sentimita 40 kwa 40 viwe matambara. Mafundi magari na mafundi rangi wanavihitaji, hasa vya fulana maana vinanyonya. Kitambaa cha nailoni hakinyonyi, usiwapelekee.

Ukitaka kuuza, wauzaji wa mitumba Mlango Mmoja wanajua thamani ya nguo kwa kuigusa. Nenda siku za katikati ya wiki asubuhi, wakati hawajabanwa na wateja. Suruali za jinzi, mashati ya kola na nguo za watoto zinatoka haraka. Makoti mazito huuzika taratibu kwa joto letu.

Nguo za ndani usitoe wala usiuze. Shirika la Viwango (TBS) lilipiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, na hata pasipo marufuku, kumpa mtu chupi uliyovaa ni kumdharau.

Neno kuhusu dada wa kazi. Ukimpa nguo, viatu au redio aende navyo kwao Magu au Ukerewe, mpe mbele ya watu wa nyumbani, na kama ni kitu cha thamani mwandikie karatasi fupi yenye jina lako na sahihi. Wasichana wengi wamesimamishwa na kushukiwa wizi kwa zawadi walizopewa kwa moyo mweupe.

Ninataka kutoa vitu kwa makao ya watoto. Nifuate utaratibu gani?

Pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri yako. Ana orodha ya makao yaliyosajiliwa, na anajua ni yapi yana magunia ya nguo yasiyo na pa kuwekwa na ni yapi hayana shuka. Makao yasiyosajiliwa yapo, na baadhi yanaishi kwa kukusanya misaada ambayo watoto hawaioni.

Piga simu kabla ya kwenda na uulize: "Mnahitaji nini mwezi huu?" Mara nyingi jibu litakuwa sabuni, madaftari, taulo za kike, viatu vyeusi vya shule namba fulani. Wanasesere wasio na mikono wanatosha tayari. Vitu vipange kwa umri na ukubwa, uandike juu ya mfuko: "Wasichana miaka 6–8, nguo 14". Mlezi mwenye watoto thelathini hana saa tatu za kuchambua gunia lako. Omba uandikiwe kwenye daftari la misaada, na usipige picha za watoto.

Ukitaka kumsaidia mjane au mzee wa mtaani kwako, mwone balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, lakini kabidhi mwenyewe, jioni, bila umati. Kitu kilichotolewa hadharani humwachia mpokeaji deni la aibu.

Vitabu na madaftari?

Vitabu vya hadithi, kamusi na vya ufundi vinapokelewa na shule nyingi. Zungumza na mwalimu mkuu au mwalimu wa maktaba. Maktaba ya Mkoa nayo iko mjini, ila uliza kwanza wanachukua nini. Vya kiada viangalie kwa makini: mitaala mipya ilianza kutumika mwaka 2024 kwa madarasa ya kwanza na kuendelea hatua kwa hatua, kwa hiyo kitabu cha zamani kinaweza kuwa kimepitwa. Mpe mwalimu aamue.

Daftari lililobaki kurasa 20 safi, chomoa zilizoandikwa, shona upya zilizobaki kwa uzi na sindano nene. Madaftari matatu yanatoa moja zima.

Godoro na sofa la zamani.

Kabla ya yote, tafuta kunguni. Funua mishono ya pembeni, chunguza kwa tochi: madoa meusi kama nukta za kalamu, maganda ya rangi ya kahawia, wadudu wenyewe. Ukiwakuta, godoro hilo lisitolewe kwa mtu yeyote. Foronya na shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi joto 60 au zaidi. Kuanika godoro juani kunapunguza tu, hakumalizi, kwa sababu joto haliingii katikati. Kunguni wanahamia upande wa kivuli wakisubiri usiku. Mifuko ya nguo unaweza kuifunga kabisa na kuiacha juani juu ya mwamba mchana kutwa; ndani ya mfuko mweusi joto hupanda vya kutosha kwa nguo chache zilizotandazwa, si kwa kiroba kilichoshindiliwa.

Godoro safi lililobonyea katikati lina kazi: fundi sofa hukata sponji ya pembeni ambayo haijachoka na kutengeneza mito na viti. Sofa lenye fremu ya mbao ngumu ni afadhali kulivika kitambaa kipya kuliko kulitupa. Litikise kwa kulishika kona mbili. Likilia na kuyumba, fremu imelegea misumari na fundi anaweza kuibana. Likiwa na unga mweupe wa mbao chini yake, lina bungua, liondoe kabla halijaambukiza kabati. Mbao iliyopakwa rangi au vanishi isiingie jikoni kama kuni.

Simu ya zamani naweza kuuza bila wasiwasi?

Ukifuata mpangilio huu, ndiyo. Hamisha picha na namba. Ondoa akaunti ya Google au ya simu husika kwenye mipangilio, *halafu* ndipo ufute kila kitu kurudi hali ya kiwandani. Wengi wanafuta kwanza, na simu inamfungia mnunuzi ikidai akaunti ya mwenye nayo. Anarudi nayo akiamini umemuuzia ya wizi. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uzifute kwa mtoa huduma zile usizozitambua au usizozitumia.

Andikianeni hati fupi ya mauziano yenye namba ya IMEI (piga *#06# kuiona), majina, tarehe na sahihi za wote wawili. Simu iliyokufa kabisa mpe fundi simu, atachomoa kioo, spika na soketi ya chaji.

Betri iliyovimba ni jambo jingine. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Bandika tepu ya umeme kwenye ncha zake, iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, mbali na jiko, mpaka umpate anayekusanya taka za kielektroniki. Betri ya namna hii ikiingia kwenye gari la taka na kukandamizwa, inawaka.

Televisheni ya chogo na friji iliyokufa?

Televisheni ya chogo isivunjwe nyumbani. Kioo chake kina risasi, na bomba lake la ndani halina hewa. Likipasuka, vipande vinaruka kwa nguvu. Mpe fundi ikiwa nzima, hata kwa bure.

Friji: kwanza toa mlango au ufunge kwa kamba imara. Watoto hujificha humo na mlango wa sumaku unawafungia bila hewa. Usikubali mtu akate mabomba ya nyuma ili achukue shaba. Gesi ya friji za zamani sana huharibu tabaka la ozoni, na iliyomo kwenye nyingi za sasa, R600a, inawaka moto. Soma kibandiko kilicho karibu na kompresa, kisha mwite fundi friji mwenye kifaa cha kuvuta gesi. Kuna kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Ofisi ya NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza ndiyo ya kuuliza nani ana kibali cha kukusanya.

Boksi la friji lililobaki, likishatolewa gesi na kompresa, linafaa sana kutunzia mbegu au chakula cha kuku. Panya hawaingii.

Betri za gari, pikipiki, sola na taa za kuvulia dagaa?

Zenye asidi na risasi zina soko, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzitupa. Duka linalouza betri mpya mara nyingi hupokea ya zamani na kupunguza bei. Ibebe ikiwa imesimama wima, kwenye beseni ya plastiki, si mapajani kwenye bodaboda. Mtu akikuambia umwage maji yake kwanza ili iwe nyepesi, mkatalie: hayo si maji, ni asidi yenye risasi, na nyumba nyingi za Kirumba na Igombe zimepakana na ziwa. Betri kavu za tochi na redio hazina mnunuzi. Zikusanye kwenye chupa ya plastiki kavu yenye mfuniko na umuulize bwana afya wa kata zinapokelewa wapi.

Balbu, dawa na sindano?

Balbu ya enajisava ina zebaki kidogo. Ikivunjika, toa watoto, fungua madirisha dakika 15, kusanya vipande kwa karatasi ngumu, futa vumbi kwa kitambaa kibichi, vyote viingie kwenye chupa yenye mfuniko. Usifagie, ufagio hueneza zebaki. Balbu za LED hazina zebaki.

Dawa zilizokwisha muda zirudishe famasi au kituo cha afya uulize kama wanapokea. Usizimwage chooni wala usimpe jirani "zimepita mwezi mmoja tu". Sindano za wagonjwa wa kisukari weka kwenye chupa ngumu ya sabuni, ikijaa robo tatu funga na uipeleke kituo cha afya kwenye boksi la usalama. Anayechambua taka kwa mikono mitupu dampo la Buhongwa ndiye anayechomwa na sindano uliyoitupa wewe.

Maganda na mabaki ya jikoni ni nusu ya taka zangu. Nifanye nini?

Kwa nyumba nyingi hiki ndicho kiroba kizito kuliko vyote, na ndicho kinachonuka. Ukikiondoa, taka zinazobaki ni kavu na nyepesi, na plastiki zako zinabaki safi za kuuzika. Tungetaka kila nyumba ianze na hili hata kama halitafanya jingine.

Kama jirani ana mbuzi, nguruwe au kuku, maganda ya ndizi, viazi na mboga ni yao. Kama una uwanja, tengeneza mboji. Lundo liwe na mita moja kila upande. Dogo kuliko hapo halipati joto. Chini weka tabaka la vijiti lenye unene wa sentimita 15 ili hewa ipite. Kisha tabaka la majani makavu, maranda yasiyo na rangi au maboksi yaliyochanwa, sentimita 20. Juu yake mabichi, sentimita 10. Juu yake koleo moja la samadi au udongo. Rudia. Kwa ujazo, vikavu viwe mara mbili hadi tatu ya vibichi.

Nyunyiza maji mpaka ukikamua kiganja cha mboji yatoke matone mawili matatu. Yakitiririka, ni mengi mno. Baada ya siku tatu au nne choma fimbo ya chuma katikati, iache dakika tano, ishike: iwe ya moto. Geuza kila baada ya siku 10. Miezi miwili hadi mitatu unapata udongo mweusi wenye harufu ya msitu.

Likinuka mayai viza, limelowa na halina hewa: geuza na ongeza vikavu. Likikaa baridi na kavu, ongeza maji na mabichi. Mchwa wakiingia, ni kavu mno. Wakati wa masika lifunike kwa turubai au majani ya migomba, la sivyo mvua inaondoa rutuba yote na kuipeleka ziwani, ambako inalisha gugumaji.

Mabaki ya samaki ni swali la Mwanza. Vichwa vya sangara, mifupa na matumbo vina rutuba sana ila vinaita panya, nzi na mbwa. Usiviweke kwenye lundo la wazi. Chimba shimo la sentimita 50 bustanini, weka, funika, shindilia, na panda mgomba au mpapai pembeni baada ya wiki nne.

Gugumaji lenyewe linafaa kwa mboji likivunwa kabla ya kutoa maua na kuachwa likauke siku kadhaa mbali na maji. Lililokwisha toa mbegu liache, mbegu zake zinaishi miaka mingi.

Sina uwanja, nimepanga chumba na sebule.

Tengeneza mboji kwenye ndoo mbili za lita 20. Ya juu itoboe matundu kitakoni kwa msumari wa moto, iingie ndani ya ya chini ambayo inapokea maji. Kila kiganja cha maganda kifunikwe na viganja viwili vya maranda au karatasi iliyochanwa. Usiweke nyama, samaki wala ugali. Maji ya chini changanya moja kwa kumi na maji safi umwagilie mboga.

Mboga zenyewe panda kwenye kiroba: udongo ndoo mbili, mboji ndoo moja, na katikati nguzo ya kokoto iliyopangwa kwa kutumia kopo lisilo na kitako, unalivuta juu kadiri unavyojaza. Nguzo hiyo ndiyo inayofikisha maji chini. Bila yake juu panaoza, chini pamekauka. Toboa pembeni, panda sukuma wiki au chainizi.

Vumbi la mkaa chini ya gunia?

Lichekeche. Pika uji mzito wa unga wa muhogo. Kwa makopo 20 ya vumbi, kopo moja la unga linatosha. Changanya, finyanga madonge ya ukubwa wa ngumi, anika siku tatu hadi tano juani. Donge likivunjika kwa kidole, uji ulikuwa mdogo. Likitoa moshi mwingi, halijakauka. Ukiliwasha, acha dirisha wazi kama kwa mkaa wowote.

Kuchoma taka uani kuna ubaya gani, mbona ndiyo njia ya siku zote?

Majani makavu yalikuwa taka za zamani. Leo ndani ya lundo kuna vifuko, pampasi, nailoni na betri, na moto wa uani hauna joto la kuviunguza vizuri, kwa hiyo sumu inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye jivu. Nyumba za milimani zimepandana: moshi wa wa chini ni hewa ya wa juu. Usichome, na jivu la aina hiyo usilitie kwenye mboga.

Vioo, pampasi, nyavu na mifuko ya plastiki ya zamani?

Chupa za soda na bia zirudishwe dukani na kreti zake. Chupa nzima nyingine zioshe uwape wauza asali au mafuta. Kioo kilichovunjika kifunge ndani ya boksi, andika KIOO.

Pampasi haina njia nyingine ila gari la taka, ikiwa imekunjwa na kufungwa. Ikienda chooni inaziba, ikienda mtaroni inavimba na kuziba zaidi.

Nyavu kuukuu zisirudi majini hata kipande. Zinaendelea kunasa samaki bila mvuvi. Zinafaa kuzungushia bustani na banda la kuku. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Ukikuta rundo stoo usiigawe, ikabidhi ofisi ya mtaa.

Ninaishi juu kwenye mawe, gari la taka halifiki.

Ulizia kwa mtendaji wa mtaa siku na saa ya gari, na mahali linaposimama. Teremsha taka asubuhi ya siku hiyo, si usiku wa kuamkia, maana mbwa watachana viroba. Kiroba kisizidi kilo 15 kwa njia ya mawe. Nyumba tano au sita zikichanga zinaweza kumlipa kijana mmoja ateremshe zote. Mkubaliane bei kwa kiroba, ashike risiti za ada ya taka, na apewe glavu na buti. Vya kuuza viteremke siku nyingine na kwa mtu mwingine, visije vikapakiwa pamoja na taka.